Pazia la Mlima na Maji

Grâce, Neema, ninyi niliowaachia studio, mmeniomba niwaandikie namna ya kupanga safari ya picha ya vuli, milimani na pwani, kabla sijaanza kusahau. Nadhani mlitaka ukurasa mmoja wa kubandika mlangoni. Bahati mbaya mimi sasa ni mstaafu, asubuhi zangu ni ndefu na hakuna mteja wa kunikatiza, kwa hiyo mtasoma zaidi ya mlichoomba. Naandika Kiswahili cha shule ili Neema, binti wa Mwanza, asiseme tena kwamba Kiswahili changu cha Lubumbashi kinamuumiza kichwa. Lakini watu wakizungumza nitawaacha wazungumze walivyozungumza. Grâce, wewe utamfasiria.

Habari za mshahara naziruka, maana hazikuwa habari. Nitaanza na pasi.

Siku yangu ya kwanza dukani nilivaa blauzi mpya nyeupe, nikidhani nitashika kamera. Wakati ule studio ilikuwa mle mle Galerie d'Ixelles, jumba la maduka ya Wakongo hapa Ubelgiji, imebanwa kati ya saluni mbili, na harufu ya dawa za nywele ilitufikia hata kwenye chumba cha giza. Mwenye duka, Papa Anselme, mtu wa Kalemie aliyefunga tai hata wakati wa joto, alinitazama, akanipa pasi ya umeme, akanionyesha kitambaa kikubwa kilichochorwa mlima, ziwa, na bata maji wawili ambao shingo zao hazikulingana. Lilikuwa pazia la nyuma. Sisi tuliliita fond. Mbele yake walisimama watoto wa komunyo, wachumba, na kila aliyenunua koti jipya akataka mama yake Kongo aone kwamba hapati baridi.

"Unapiga pasi kwa mugongo," aliniambia. "Kwa mbele rangi itapasuka. Na uchunge bata."

Nilipiga pasi majuma mengi kabla ya kugusa kamera yoyote. Niliudhika, sitaficha. Lakini nilijifunza kuwa mteja hulitazama pazia kabla hajakutazama wewe, na kwamba mtu akijiona amesimama mbele ya makunyanzi hatalipa kwa furaha. Nilijifunza pia sheria ya Papa Anselme, aliyoirudia kila mara nilipopiga picha ya mti au ya theluji kwenye paa. "Picha yenye haina muntu," alisema, "ile ni calendrier." Kalenda ya ukutani tu.

Kisha simu zikaingia mikononi mwa watu na foleni yetu ikaisha. Wateja waliobaki walikuwa wa harusi na matanga. Mimi ndiye niliyesema tuwatoe watu nje, tuwafundishe kupiga picha za mandhari msimu wa majani kupukutika, tuwapeleke milimani Ardennes na baharini kwa basi dogo. Papa Anselme alicheka mpaka akavua miwani. Nami nikishaamua jambo sirudi nyuma, ninyi mnalijua hilo na mmelilalamikia sana. Safari ya kwanza tulikwenda msituni na kina mama wa kanisa. Walikuja na viatu vya kung'aa na vitenge vya sare, wakaomba dua ndefu kando ya gari, kisha kila mmoja akatafuta mti wake akasimama mbele yake. Sikupata picha hata moja ya msitu mtupu.

"Bon," alisema Papa Anselme. "Umepeleka studio mu pori."

Hapo ndipo alipoingia Maman Régine, na sababu ya mimi kuandika yote haya.

Maman Régine alikuwa mtu wa Bukavu. Alikaa Anderlecht na kufanya kazi katika nyumba moja ya kutunza wazee, kuwaosha, kuwageuza, kuwalisha. Alikuja dukani mwezi wa tisa, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuvua koti, akanieleza shida yake kama mtu anayesoma risiti.

"Maman José, mutoto yangu anaolewa mu décembre. Famille ya bwana yake iko na mapicha ya baba, ya babu, ya nyumba yao ya Likasi, yote mu cadre. Batayatundika mu salle, upande yao. Upande yetu hakuna kitu. Siye tulitoka na bile tulikuwa tumevaa."

Nilimwambia twaweza kupamba kwa maua.

"Mutoto yangu hataolewa mbele ya mur blanc," alisema, yaani ukuta mweupe mtupu.

Alitaka fond. Mlima unaoshuka mpaka majini, kama kilima cha kwao kilivyoshukia ziwa, kwenye kitambaa kipana cha kufunika ukuta mzima upande wa bibi harusi. Papa Anselme akatoka nyuma na kumwambia jambo ambalo nanyi mngemwambia: picha za Bukavu zimejaa kwenye simu, achague moja, tuichape, kazi imekwisha.

"Nilishaziona, papa. Nikiona Bukavu mu téléphone, minaanza kutafuta nyumba yetu. Sipati. Minatafuta tena. Minataka mulima yenye sitafute kitu ndani. Na iwe karibu. Batoto bapate siku moja kuenda na gari, baseme, njo hapa, ni hapa penyewe."

"Sasa weye utasimama wapi mu ile picha?" aliuliza Papa Anselme.

"Sisimame. Nikisimama mule peke yangu, batauliza bengine beko wapi."

Papa Anselme alirudi nyuma ya duka. Mimi nikafungua ramani. Nilikuwa nimeamua kabla ya kuikunjua kwamba mama huyu atapata mlima wake, na kama Ubelgiji haina mlima wa namna hiyo basi Ubelgiji itanitambua.

Sasa sikilizeni kuhusu kupanga. Mlima na bahari katika nchi hii viko pande mbili tofauti, kama mashemeji waliogombana. Kwa hiyo unahitaji siku mbili zinazofuatana, na Maman Régine alipewa wikendi moja tu ya kupumzika kabla ya harusi, katikati ya mwezi wa kumi, tena jioni ya Jumapili alitakiwa awe kazini. Msitegemee rangi ya majani mliyoahidiwa na mtu yeyote. Pigeni simu kwenye hoteli ya kijiji mkamuulize anayefagia uani. Ulizeni pia kama kuna uwindaji. Vuli ndiyo msimu wao, na siku wanapowinda njia za msituni hufungwa. Nimewahi kusimama na watu wanane mbele ya kibao chekundu, nikisikiliza bunduki, huku Maman mmoja akiniuliza kama ndiyo programu.

Jumamosi tulikwenda Ardennes, watatu tu, mimi nikiendesha. Maman Régine alikuja na mabuti ya mpira, sanduku la baridi lenye makayabo, yaani samaki wa chumvi, na chikwange, mkate wa muhogo, na skafu ya kanisani. Tulipanda mpaka sehemu ya juu inayotazama mto Semois. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, tukasubiri, ukainuka, na msitu wote ukatokea, mwekundu, wa manjano, wa kahawia, mpaka hata Papa Anselme akasema "Eh". Tulipiga. Nilifurahi mno, nikadhani nimemaliza.

Maman Régine alitazama kioo cha kamera kwa muda mrefu.

"Mulima iko," alisema kwa adabu. "Maji iko wapi?"

Nilimwonyesha mto. Alisogeza uso karibu, akautafuta, akauona. Hapo nilielewa kwamba kwa mtu aliyekulia juu ya Ziwa Kivu nilikuwa nimemwonyesha uzi.

Njiani kurudi Papa Anselme alitaka kumpoza kwa habari za kompyuta. "Usisikitike, maman. Kesho tunapiga bahari. Lundi nabandika yote mbili mu ordinateur, mulima ya leo na maji ya kesho. Hakuna muntu atajua."

"Papa Anselme," alisema Maman Régine kutoka kiti cha nyuma, "famille yetu ilishakatwa bipande-bipande. Iyi picha, muipige nzima."

Nilikamata usukani kana kwamba unataka kunikimbia. Kesho ilikuwa nafasi yetu ya mwisho, kwa sababu baada yake yeye angekuwa kazini kila wikendi mpaka harusi, na alikuwa amesema wazi kwamba mlima huo lazima auchague kwa macho yake.

Jumapili ilianza vibaya. Papa Anselme alikuwa ametupangia kukutana Gare du Midi, kituo kikuu cha treni, kwa sababu kila mtu anaijua, na kweli kila mtu anaijua, na Jumapili asubuhi kila mtu yuko pale sokoni. Basi letu lilikwama kati ya kuku wa kuchoma na mtu wa zeituni. Tangu siku ile wateja wetu tunawachukulia Anderlecht, karibu na metro, na sitaki kusikia mmerudisha mtindo wa zamani.

Tulivuka mpaka kuingia Ufaransa, kwenye ile pwani ambako vilima vya majani vinashuka mpaka baharini na ng'ombe wanacheua wakitazama meli. Nilikuwa nimekaa usiku uliotangulia na ramani na nilikuwa na hakika: ghuba pana, mlima upande mmoja, maji yakijikunja chini yake. Papa Anselme ndiye aliyepanga tufike saa ngapi. Nilipomuuliza kama baharini kuna jambo la kuangalia kwanza, alinijibu kama mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika. "Maji ni maji. Haina rendez-vous." Hayana miadi, eti.

Tuliegesha gari, tukapanda, tukafika juu, tukatazama chini.

Bahari haikuwepo.

Kulikuwa na mchanga wa kijivu, madimbwi, mbwa anayekimbia, na mbali sana mstari mwembamba uliong'aa. Papa Anselme alisimama na tai yake ikipepea. "Maji imeenda wapi?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeyaweka mahali.

Neema, najua unacheka. Nchini kwenu kuna pwani, na neno kupwa mtoto wa huko analijua kabla ya jina lake. Lakini fikiria sisi. Kalemie ziwa linakaa pale ulipoliacha jana. Bukavu vilevile. Mimi wa Lubumbashi, mji wa migodi, maji niliyajua kwa bomba. Watu watatu wazima, miaka yote Ulaya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwaza kwamba ni lazima uulize kama bahari iko nyumbani. Kuanzia siku ile, kabla ya gari, kabla ya majani, kabla ya chochote, tazameni kwanza saa za maji. Jedwali lake liko kwenye simu na ni la bure.

Mwenye yule mbwa alitueleza kwamba maji yangerudi jioni, karibu na jua kuzama. Papa Anselme alitazama saa yake, kisha akatazama viatu vyake. Maman Régine alipaswa kuwa kazini wakati huohuo. Nilianza kusema kwamba nitatafuta njia nyingine, kwamba nitarudi peke yangu katikati ya wiki nimpigie, nimletee achague, na huku nikisema nilijua ni maneno ya kumfariji mtoto. Alinishika mkono ninyamaze. Akatoa simu akampigia mwenzake wa kazini.

"Allô, Solange? Baki pale kwa place yangu leo jioni. Oui. Najua. Sasa unataka nini?" Alisikiliza. Uso wake haukubadilika. "Noël? Bon. Chukua Noël."

Alikata simu, akakaa kwenye majani, akafungua sanduku la chakula. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mapumziko ya Noël ile yalikuwa ya kwanza kupewa tangu aanze kazi, na kwamba alikuwa ameipanga na binti yake kama Krismasi ya kwanza ya ndoa. Nilitamani kulia kwa hasira, nikaona hasira haitatusaidia, nikasimamisha tripodi.

"Tunangoya," nilisema.

"Tunangoya," alisema yeye.

Tukangoja. Upepo wa kule haupigi, unasukuma. Papa Anselme alinifundisha pale jambo ambalo nanyi nimewafundisha: chini ya tripodi kuna ndoano, ning'iniza kitu kizito kamera isitikisike. Tulining'iniza mfuko wa chikwange. Tulikula makayabo kwa vidole vilivyokufa ganzi. Mvua ilikuja, ikaondoka, ikasahau kitu ikarudi. Papa Anselme alisema mara mbili kwamba mwanga utakwisha kabla ya maji kufika, na mara mbili nikamwambia arudi garini kama amechoka, na mara zote mbili akabaki. Nilikuwa nimeshaweka fremu na sikuigusa tena. Nilichagua kilima kianzie kona ya juu kushoto na kushuka taratibu, nikaacha sehemu yote ya kati na kulia kwa ajili ya maji ambayo bado hayakuwepo. Ni jambo gumu, kulenga kamera kwenye mchanga mtupu na kuamini.

Yalipokuja hayakuja kama nilivyodhani, kwa mawimbi na kelele. Yaliingia kwa pembeni, kwenye mifereji midogo, dimbwi likashikana na dimbwi, na ghafla mchanga ulikuwa visiwa, kisha hata visiwa havikuwepo. Maman Régine alisimama. Mawingu yalikuwa mazito, lakini chini kabisa, juu ya upeo, palibaki ufa, na jua likapita humo kabla ya kuzama. Kilima kikawa cha dhahabu upande mmoja. Ghuba ikajaa mpaka kwenye miguu yake.

"Kule ni kama Nguba," alisema polepole, akinyoosha kidole kwenye rasi ya mbali, kama ile ya kwao Bukavu. Kisha akashusha kidole mpaka kwenye mteremko, karibu na uzio wa ng'ombe. "Nyumba ingekuwa hapa. Mulango inaangalia maji."

Nilimtazama Papa Anselme ashike kamera, maana kazi kubwa alizipiga yeye sikuzote. Alikuwa ameweka mikono makwapani.

"Piga weye," alisema. "Ni weye ulipanga iyi picha."

Nilipiga mpaka mwanga ulipokwisha. Hapakuwa na mtu kwenye picha hata mmoja, na Papa Anselme hakusema neno kuhusu kalenda.

Tulichapa kitambaa kikubwa kuliko chochote tulichowahi kuchapa. Kilipofika kutoka kiwandani kilikuwa kimekunjwa vibaya. Mimi, ambaye wakati ule nilikuwa na wafanyakazi wawili chini yangu, nilifunga mlango, nikawasha pasi, nikakipiga chote kwa mgongo.

Harusi ilikuwa kwenye ghala moja la Anderlecht lililogeuzwa ukumbi. Upande wa kulia wa meza ya maharusi ndugu wa bwana harusi walikuwa wameshatundika watu wao: babu na medali zake, baba mbele ya gari, nyumba ya Likasi yenye baraza. Upande wa kushoto tulifunga pazia letu tangu juu mpaka sakafuni. Mama wa bwana harusi, mwanamke mrefu aliyevaa dhahabu, alikuja akasimama mbele yake, akalitazama, akaligusa kwa ncha za vidole.

"Ni wapi hapa, maman?"

"Ni kwetu ya huku," alijibu Maman Régine. "Tutakupeleka. Lakini lazima kuuliza maji kwanza."

Ulipofika wakati wa picha, Papa Anselme alikaa kando yangu na kuniachia kamera. Maharusi walisimama mbele ya kilima, nikawapiga. Nilimwita Maman Régine. Nilidhani atakataa, nilikuwa hata nimejiandaa kumwelewa. Alikuja. Alisimama karibu na ule uzio wa ng'ombe, mahali ambapo mlango ungekuwa, akapanga kitenge chake. Kisha akaanza kuita. Akamwita Solange wa kazini, ambaye alikuwa amekuja na zawadi kubwa na aibu kubwa zaidi. Akawaita kina mama wa kanisa. Akamwita yule mwanamke wa dhahabu na mume wake na watoto wao, halafu wajomba wa Likasi, halafu wapishi waliokuwa bado na aproni. Akamwita Papa Anselme, akaja na tai yake. Watu walijipanga, wakasukumana, wakapanda juu ya viti, watoto wakajipenyeza mbele. Mimi nyuma ya kamera niliona kilima kikipungua, kisha rasi ya Nguba ikafichwa na kofia, kisha ghuba yote ile tuliyoilipia Krismasi ikazama nyuma ya mabega.

Nilikaribia kupiga kelele wasogee. Maman Régine aliniona.

"Maman José, maji bado inaonekana?"

Nilitazama tena kwa uangalifu, pembe zote nne. Macho yangu yalikuwa yameloa na ilibidi nifute kioo, ingawa si kioo kilichokuwa na maji.

"Hapana, maman. Hata tone. Bantu bamejaa."

"Bon," alisema. "Sasa piga."